Jiko Lililopinduka Kanyaruchinya

Maji yalichemka kwanza kwenye jiko la Mama Béné, na Aubin Namegabe akashindwa kuificha furaha yake.

Walikuwa wamesimama kwenye uwanja wa shirika la misaada, kule Himbi, karibu na ukuta ulioligeuzia ziwa mgongo. Mbele yao majiko mawili yalikuwa yakifuka moshi mwembamba. Moja lilikuwa limetoka ng'ambo ndani ya katoni, linang'aa, lina chapa ubavuni. La pili lilikuwa limetoka mtaa wa Mabanga, kwenye karakana ya Bénédicte Baharanyi, ambaye mafundi wake, majirani na wateja humwita Mama Béné. Lilikuwa bati la pipa lililokunjwa kwa nyundo, na ndani limekandikwa udongo. Fundi wa vipimo alisoma kipimajoto, akapima kuni zilizobaki, akazipima tena kwa kutoamini. Jiko la Mabanga lilikuwa limekula kuni chache kuliko lile la ng'ambo.

Kazi ya Aubin ilikuwa kununulia shirika vitu: turubai, sabuni, ndoo, mablanketi. Karibu vyote vilikuja kwa kontena kutoka mbali, vikachoka njiani kama abiria, vikafika Goma vingine vimekwisha kupasuka. Kwa muda mrefu alikuwa akisema, kwa sauti yake ya chini ambayo watu wa ofisi waliizoea hata wakaacha kuisikia, kwamba mji huu una mafundi. Safari hii walimsikiliza. Shirika lilitaka kuzipa jiko familia zilizokimbilia Kanyaruchinya, kabla mvua kubwa hazijaanza. Familia hizo zilipikia mafiga matatu ya mawe ya volkano, na mafiga hula kuni bila huruma. Kuni ziko mbugani, na wanawake waliokwenda kuzitafuta huko hawakurudi salama siku zote. Swali lililobaki lilikuwa moja tu: majiko yaagizwe ng'ambo, au yatengenezwe na Mama Béné.

Kwa Mama Béné ilikuwa kufa na kupona. Zamani majiko yake yalipanda malori hadi masoko ya Masisi na Rutshuru. Tangu barabara zifungwe na vita, wateja hao walikuwa wamepotea, na mafundi wake walikuwa wakifanya kazi kwa zamu ili kila mmoja apate angalau cha kupeleka nyumbani. Alikuwa amemwambia Aubin wazi, bila kulialia, kwamba kazi hii ikienda ng'ambo atafunga karakana.

Kwa hiyo maji yalipochemka, Aubin alivuta pumzi ndefu. Madame Clarisse, mkuu wa shirika hapo Goma, alipiga makofi. Alikuwa mtu wa Togo, mwanamke mrefu aliyejifunza Kiswahili sokoni kwa kubishana bei, na alikitumia hivyo hivyo, kama mtu anayebisha.

"Bon! Kwangu imekwisha. Wiki ijayo tunasaini."

Mama Béné hakupiga makofi. Aliinama, akalitazama jiko lake kama mama anayemkagua mtoto asubuhi ya shule.

"Aksanti, Madame," alisema. "Lakini maji haishibishake mutu. Bale ba mama ba Kanyaruchinya hawatachemsha maji tu. Twende tupike kwao kwanza, ndipo tusaini."

Aubin alimkanyaga mguu kwa siri. Mama Béné aliuondoa mguu wake, wala hakumtazama.

"Una haraka ya kunifunga mdomo, Papa Aubin?" alimwambia baadaye getini. "Nikiuza mbabula, jiko yangu, sokoni, mutu akiona mubaya anairudisha, ananitukana, tunamaliza. Hawa hawatainunua. Watapewa. Mutu wa kupewa hana pa kurudisha."

Aubin alilichukua neno hilo hadi nyumbani, na jioni yote alikuwa nalo.

*

Kanyaruchinya iko kaskazini mwa mji, chini ya Nyiragongo, mahali ambapo ardhi yenyewe ni lava iliyoganda: nyeusi, yenye meno, inayokula soli za viatu. Mabanda ya turubai yalikuwa yamebanana juu yake. Siku ya kupika, wanawake walikusanyika kabla gari la shirika halijasimama vizuri, na wenyewe walikuwa wamekwisha kumchagua mpishi. Aliitwa Donatille. Alikuwa ametoka milima ya Masisi, ambako mume wake alichunga ng'ombe, na walisema ugali wake haukuwahi kuwa na bonge hata moja, hata katika siku ile walipopika njiani wakikimbia.

"Ni mbabula hii?" Donatille aliuliza, akilizunguka jiko. "Nzuri. Iko kama bibi harusi wa ville, wa huko mjini. Inajua kusimama, lakini inajua kazi?"

Wanawake walicheka. Mama Béné naye akacheka.

"Ijaribu, mama. Uisumbue sana."

Moto uliwaka vizuri. Maji yalichemka upesi, na wanawake wakanong'onezana jinsi kuni zilivyokuwa chache. Madame Clarisse alikaa juu ya jiwe, amekunja mikono, anatabasamu. Aubin alianza kuamini kwamba hofu iliyomwingia kwa neno la getini ilikuwa ya bure.

Ndipo unga ukaingia.

Sufuria ilikuwa kubwa, ya familia ya Masisi, na ugali ulipoanza kuwa mzito Donatille alishika mwiko kwa mikono miwili, akajikunja, akausonga kama inavyopasa. Aliposukuma mara ya kwanza, jiko liliguna. Aliposukuma tena, mguu wake mmoja wa bati ukaacha jiwe. Mtu mmoja alisema "Eh!" na kabla hajamaliza, jiko lilipinduka, sufuria ikaruka, ugali ukamwagika juu ya lava ukitoa mvuke. Donatille aliruka nyuma, lakini tone zito lilikuwa limemwangukia juu ya wayo.

Kisha wanawake wakacheka, kicheko kile cha watu walioogopa kwanza.

"Ile jiko ya ville!" mmoja akapiga kelele. "Imeogopa batu ba Masisi!"

Mama Béné alikuwa amekwisha kupiga magoti. Hakulitazama jiko lake. Alimwaga maji baridi juu ya mguu wa Donatille, akaushika kwa viganja vyote viwili, akauliza unauma wapi, akamwaga tena. Ngozi ilikuwa imekuwa nyekundu tu. Ndipo alipoinuka, akalisimamisha jiko, akaliweka pale pale lilipokuwa, akalisukuma kwa kidole. Lilitikisika.

Valentin, fundi wake mkubwa, alisogea. "Mama, lakini huyu mama anasonga kwa nguvu sana. Mutu wa kawaida—"

"Nyamaza, Valentin. Bugali inasongwaka kwa nguvu. Jiko ndio imeanguka, hapana yeye."

Aubin alitazama uso wa Madame Clarisse. Mkuu wake alikuwa amefunika mdomo kwa mkono. Alipouondoa, hakuonekana kukasirika. Alionekana kama mtu aliyekutwa na aibu ndogo nyumbani kwake.

"Mimi nimekula ugali wa kwetu tangu sina meno," alisema. "Tunasonga hivi hivi. Mama yangu anasonga mpaka leo. Na bado nimekaa pale Himbi, nimetazama maji yanachemka, nimepiga makofi."

Hilo lilikuwa kosa la wote, na Aubin aliliona lilivyojengeka. Majiko duniani kote hupimwa kwa maji, kwa sababu maji ni yale yale kila nchi. Mafundi wa Mabanga walikuwa wanaume ambao hawajawahi kushika mwiko. Yeye mwenyewe alikula ugali kila siku iliyotoka kwa Mungu, ukiletwa mezani umekwisha kuwa ugali. Na nyumbani kwa Mama Béné, jiko lilikaa kwenye sakafu ya saruji, sufuria ilikuwa ndogo, na aliyesonga alikuwa binti wa kazi, aliyeishika kwa kitambaa bila kumwambia mtu. Kila mmoja wao alijua ugali. Hakuna aliyeuleta siku ya kupima.

"Lakini niwe wazi," Madame Clarisse aliendelea, akimgeukia Mama Béné. "Lile la ng'ambo ni fupi na pana. Linakula kuni, lakini halipinduki. Siwezi kugawa kitu kitakachounguza watoto. Mwisho wa mwezi natuma oda. Kabla ya hapo, nionyeshe jiko linalosimama. Usiponionyesha, nitaagiza ng'ambo, na sitakuwa na ubaya na wewe."

"Iko haki," alisema Mama Béné.

Walipokuwa wakipakia vitu garini, Aubin alimvuta pembeni. Alisema alivyofikiri ni kwa wema. Alisema wangeweza kueleza kwamba mahali pale palikuwa pabaya kuliko kwingine, kwamba jiwe lilikuwa limelegea. Angeweza kumshawishi Madame wapike tena mahali pa tambarare. Muda usingepotea.

Mama Béné alimsikiliza hadi mwisho. Ndivyo alivyokuwa, hakumkata mtu maneno hata alipojua hatakubali.

"Papa Aubin, siku mutoto ataunguzwa, utakuja kumwambia jiwe ilikuwa mubaya?" aliuliza polepole. "Hapa jiwe yote iko mubaya. Ndiyo nyumba yao." Kisha akaweka mkoba wake chini. "Mwende. Miye nabaki."

"Unabaki wapi?"

"Kwa Donatille. Nimemwaga bugali yake. Lazima nimupikie ingine."

*

Alikwenda Kanyaruchinya siku baada ya siku. Alipanda pikipiki na unga magotini, wakati mwingine na sombe, majani ya muhogo, wakati mwingine na jiko jipya lililofungwa kwa kamba nyuma, na jioni alirudi karakana na miguu myeusi kwa vumbi. Aubin alimfuata kila alipopata nafasi. Ofisini alisema anafuatilia kazi, na ilikuwa kweli. Lakini kweli zaidi ni kwamba alitaka kuona mtu mwenye shida kama ile anafanyaje.

Kwanza alilifanya jiko liwe zito. Aliongeza udongo chini, akapachika chuma kizima. Lilisimama kama kanisa. Donatille alilisongea ugali mpaka akatoka jasho, halikutikisika. Valentin alishangilia. Donatille alijifuta uso, akajaribu kulinyanyua, akaliacha.

"Muzuri," alisema. "Sasa siku tutakimbia, nibebe hii ao nibebe mutoto?"

Mama Béné alisimama akilitazama jiko lile zito, kisha akamwambia Valentin alirudishe karakana, kwa sauti ya mtu anayezima redio.

Baadaye alijaribu kulifanya pana. Lilisimama, lakini moto ulitawanyika ndani, na kuni zikaliwa karibu kama kwenye mafiga. Hapo hata Valentin hakushangilia. Siku zilikuwa zinakwenda. Mafundi walianza kuulizana kwa macho, na mmoja wao, mkewe akiwa mjamzito, akamwomba Mama Béné amwambie ukweli kama atafute kibarua bandarini Kituku. Alimwambia: "Ukipata, chukua. Kazi yako hapa haitapewa mwingine." Aubin alisikia hilo akiwa mlangoni, na akaona kwamba alimjibu bila kumdanganya na bila kumvunja moyo, jambo ambalo yeye Aubin asingeliweza.

Siku ile mambo yalipofunguka, hakuna aliyekuwa akijaribu kitu. Jiko halikuwapo hata moja. Donatille alikuwa akipika kwenye mafiga yake ya zamani, chini ya turubai, na Mama Béné amekaa pembeni akichambua sombe. Aubin alikuwa amesimama nje, akiongea kwa simu. Alipokata simu alimwona Mama Béné ameacha kuchambua. Alikuwa akitazama chini, mahali pamoja tu.

"Donatille," alisema, "miguu yako inafanya nini?"

"Miguu? Wapi?"

"Hapo."

Donatille alitazama miguu yake kana kwamba ni ya jirani. Alikuwa amekalia kigoda kifupi, magoti wazi. Vijiti viwili vilikuwa vimepita kwenye masikio ya sufuria, kimoja kila upande, na ncha zake zilifika chini. Nyayo zake zilikuwa zimevikanyaga. Kila mwiko uliposukuma, nyayo zilikandamiza. Mwiko ulipovuta, nyayo zililegea. Sufuria haikwenda popote.

"Ah, hiyo? Ndio kusonga," alisema Donatille. "Bila miguu utasonga namna gani?"

"Siku ile kwa mbabula yangu, miguu yako ilikuwa wapi?"

Donatille alifikiri. "Haikupata pa kukaa," alisema. Kisha akaanza kucheka. "Mama weh! Ilikuwa inatafuta!"

Mama Béné alimwomba asogee, akakaa yeye kwenye kigoda, akavua viatu, akakanyaga vijiti, akasonga. Alisonga vibaya. Mabonge yalitokea, Donatille akampokonya mwiko akimwambia kwamba wanawake wa upande wa Bukavu kama yeye wangekufa njaa bila waume wenye mishahara, na Aubin, ambaye alikuwa wa upande wa Bukavu, akacheka mpaka akashika nguzo ya turubai. Lakini Mama Béné alikuwa amekwisha kuchukua kipande cha mkaa, anachora kwenye kifuniko cha ndoo.

Jiko jipya lilikuwa jepesi kama lile la kwanza. Tofauti yake ilikuwa chini: vyuma viwili bapa vilivyotoka ubavuni, kila kimoja kikitosha wayo mmoja, mbali na moto kiasi cha kutounguza. Mpishi akikaa, uzito wake mwenyewe ndio ulilishika jiko. Na juu, mahali pa sufuria, badala ya ukingo laini palikuwa na meno matatu marefu yaliyoibana sufuria kama mafiga. Vyuma vile vilijikunja kuelekea juu ili mtu alibebe jiko bila taabu. Ilikuwa Donatille aliyesema vikunjwe hivyo, na Valentin aliyepata namna ya kuvikunja. Mama Béné alipowaonyesha watu, alisema majina yote mawili kabla ya lake.

*

Madame Clarisse alikuja Kanyaruchinya siku chache kabla ya mwisho wa mwezi. Donatille alisonga ugali wa kwanza, amekanyaga kushoto na kulia, na jiko lilitulia juu ya lava kama lililoota pale. Kisha Madame Clarisse alivua saa, akamkabidhi Aubin.

"Nipe nami."

"Madame, jua ni kali," alisema Aubin.

"Nilisonga kabla hujazaliwa."

Hilo halikuwa kweli, lakini hakuna aliyebisha. Alikaa, akakanyaga, akasonga. Wanawake walizunguka, wengine wakimhesabia kama mcheza ngoma. Alisonga karibu kwa hasira, akilisukuma jiko makusudi huku na huku, na alipoacha alikuwa anahema na jiko lilikuwa pale pale. Alimega tonge, akaonja, akamtazama Donatille.

"Una mabonge kidogo," Donatille alimwambia kwa heshima, na uwanja mzima ukalipuka kwa vicheko.

Aubin alidhani wamefika. Lakini Madame Clarisse alipokuwa akivaa saa yake aliuliza swali alilopaswa kuuliza.

"Mama Béné, hili ndilo jiko. Sasa niambie kweli. Familia ni nyingi, umeziona. Mvua ziko karibu. Karakana yako itayatoa yote kwa wakati?"

Aubin alijua idadi ya mafundi wa Mabanga. Alijua pia jibu ambalo wafanyabiashara wengi hulitoa mbele ya mkuu wa shirika: ndiyo, bila shaka, hakuna tatizo, halafu majiko huja nusu, au huja yamechelewa, au huja yametengenezwa kwa haraka yakiwa na kingo za kukata vidole. Alikuwa ameyaona hayo. Na alijua kwamba jibu la hapana lingeirudisha oda ng'ambo. Alijikuta akimtakia Mama Béné aseme uongo, mara hii moja tu.

"Peke yangu, siwezi," alisema Mama Béné.

Madame Clarisse alishusha mabega. Alisikitika kweli.

"Lakini nipe mpaka kesho asubuhi," Mama Béné aliongeza. "Kesho nitakuja Himbi kukuambia kama siko peke yangu."

Garini Mama Béné alimwomba Aubin ampitishe mtaa wa Ndosho.

"Ndosho kwa nani?"

"Kwa Ézéchiel."

Aubin nusura asimamishe gari. Ézéchiel alikuwa na karakana kubwa kuliko ya Mabanga, ya milango na madirisha ya chuma, na majiko pia. Kwa miaka yeye na Mama Béné walikuwa wakinyang'anyana wateja. Ézéchiel hakumwita kwa jina. Alimwita "yule muuza makala", kwa sababu kabla ya kuanza majiko Mama Béné aliuza makala, mkaa wa kupikia, huko Birere. Na sasa yule yule angepelekewa jiko lenyewe, lenye mahali pa kukanyaga, kabla hata ya kusainiwa.

"Ataiiga," alisema Aubin.

"Ataiiga hata nisipompelekea. Kanyaruchinya si sanduku. Afadhali aiige muzuri."

Ézéchiel alikuwa akichomelea geti. Aliinua miwani myeusi, akamwona, akaishusha tena kana kwamba mwanga ulikuwa umemdanganya.

"Muuza makala! Umepotea njia?"

"Nimekuja kukutazama kama bado unajua kukunja bati, muzee. Watu wanasema siku hizi unafunga mageti tu, kama mulinzi."

Mafundi wa Ndosho walikohoa ili wasicheke. Mama Béné aliweka jiko chini, mbele yake, akaketi kwenye kipande cha bomba, akavua viatu, akaweka nyayo mahali pake. Alimweleza yote: maji ya Himbi, ugali uliomwagika, jiko zito na swali la Donatille kuhusu mtoto, lile pana lililokula kuni, vijiti. Hakuficha hata pembe ya mkunjo. Ézéchiel alizima mashine. Alichuchumaa, akapitisha kidole kwenye meno matatu, akalipindua jiko akatazama chini.

"Umeniletea siri yako nyumbani kwangu," alisema hatimaye. "Nitafundishwa, kesho nitauza yangu, nawe utalia. Unataka nini?"

"Nataka mikono yako. Yangu haitoshi. Nikichukua kazi yote nitachelewa, watu watanyeshewa na mafiga yao, na mwaka ujao hakuna shirika itakuja kuuliza fundi wa Goma kitu. Haitanihukumu miye tu. Itakuhukumu na weye." Alivaa kiatu kimoja. "Na ukitaka kuuza yako kesho, uza. Kama haipinduke, uza."

Ézéchiel alimtazama Aubin, kana kwamba anatafuta mtego ulipowekwa. Aubin mwenyewe alikuwa ameutafuta njiani kote, hakuupata.

"Na nani anakuwa mukubwa?" aliuliza Ézéchiel.

"Bugali," alisema Mama Béné. "Jiko itakayoangusha bugali, ya kwako ao ya kwangu, inarudi kwa mwenyewe."

Mzee yule alisugua kidevu. Kisha akaita mafundi wake waache geti, waje waone.

Asubuhi walifika Himbi pamoja, na mlinzi alimwambia Aubin baadaye kwamba alifikiri wanagombana, kwa jinsi walivyobishana kutoka barabarani hadi mlangoni kuhusu unene wa bati. Waliendelea kubishana mbele ya Madame Clarisse. Yeye aliwaacha, akimimina chai, akisikiliza kama mtu anayesikia wimbo anaoupenda kwa mbali. Walipochoka, aliwauliza kila karakana itatengeneza nini. Ézéchiel angekata na kukunja bati, kwa kuwa alikuwa na mashine. Mabanga wangekandika udongo na kuunga vyuma vya kukanyagia. Shirika lingeleta usafiri, na mapipa matupu ya mafuta yaliyokuwa yakiota kutu nyuma ya ghala lake. Aubin ndiye aliyeyakumbuka, na Madame Clarisse akakubali kabla hajamaliza kuyataja.

"Kuna kitu kingine mnataka tuandike?" aliuliza.

"Majiko yasipimwe hapa," alisema Mama Béné. "Kila mzigo ukitoka, tunachukua moja bila kuchagua, tunapanda nayo Kanyaruchinya. Ba mama wanaipikia. Wakisema imefaulu, imefaulu."

"Na wakisema imeanguka?"

"Tunarudi kazini."

Madame Clarisse alimwangalia Ézéchiel. Ézéchiel alivuta pumzi ya mtu anayekubali jambo ambalo litamsumbua maisha yote, akaitikia kwa kichwa. Wakasaini, wote watatu, na oda ya ng'ambo haikutumwa.

Mzigo wa kwanza ulipanda Kanyaruchinya mawingu yakiwa yameshuka hadi kiunoni mwa Nyiragongo. Donatille alifunga macho, akachukua jiko mojawapo. Kama yote, bati lake lilikuwa limekunjwa Ndosho. Ézéchiel alikuwa amevaa shati la kanisani. Alisimama mikono nyuma, na mwiko ulipoingia kwenye ugali mzito Aubin alimwona anaanza kusukuma na kuvuta mabega yake, polepole, pamoja na mpishi. Jiko lilisimama. Donatille aliutia ugali kwenye sahani, akausawazisha kwa mwiko uliolowa, akaupeleka mwenyewe kwa mzee.

"Kula, papa. Umefaulu."

Ézéchiel alipokea kwa mikono miwili. Mama Béné hakuwapo pale mbele ambapo picha zilikuwa zikipigwa. Aubin alimtafuta kwa macho, akamwona mbali, kati ya mabanda, na jiko kichwani na lingine mkononi, akimfuata mwanamke mmoja aliyekuwa akimwonyesha njia ya kwake, kabla mvua haijafika.